Alama ya mkono wa kushoto: uchambuzi wa kisa cha hati ya uwakilishi iliyoandikwa wodini

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama mjane mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa akiishi peke yake, mwenye watoto watatu watu wazima: wa kwanza ni wa kiume na anaishi mji uleule, wa pili ni wa kike na anaishi mbali kidogo, na kitinda mimba, wa kike pia, anafanya kazi ng'ambo. Mimi ni wakili, na familia iliniita siku ya tatu tangu mama alazwe. Majina, nchi na hospitali nimeviacha, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Kilichobaki ndicho kinachohusu swali nililoitiwa: je, mtu aliyepoteza usemi ghafla anaweza bado kumteua wa kumwakilisha, na kama anaweza, hati yake iandikweje ili isije ikafa siku ileile atakapoihitaji zaidi?

Mama alikutwa sakafuni na jirani asubuhi, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki. Simu ya mwisho aliipokea saa 4 usiku uliotangulia, na kwa kuwa hakuna aliyejua kiharusi kilimpiga saa ngapi, madaktari walilazimika kuhesabu tangu hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na muda huo ulikuwa umekwisha pita. Hilo halikuwa kosa la mtu.

Kosa la kwanza lilitokea mapokezi. Karani alisema fomu zinahitaji saini ya "mtu mwenye mamlaka", na neno hilo moja likaanzisha safari yote. Kaka mkubwa alilielewa kwa maana ya kisheria kabisa, akamwacha mama kwenye machela na kutoka kwenda kutafuta wakili na hati ya kiapo. Alizunguka ofisi hadi ofisi kwa saa nne, simu yake ikiwa imezimwa sauti mfukoni, wakati daktari alikuwa akimtafuta amuulize jambo ambalo yeye peke yake angeweza kulijibu asubuhi ile: mama anatumia dawa gani za shinikizo la damu, na je, anatumia yoyote ya kuzuia damu kuganda? Aliporudi, akiwa amelowa jasho na bila hati yoyote, alikuta mama amekwisha pigwa picha ya kichwa, amewekewa dripu na kupelekwa wodini. Tiba haikumsubiri.

Haikumsubiri kwa sababu katika dharura haipaswi kusubiri. Mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa, ambaye kuchelewa kunaweza kumuua au kumdhuru, hutibiwa kwa kiasi kinachohitajika kuokoa maisha na afya yake, isipokuwa pale inapojulikana kwamba yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu, alikwisha kukataa tiba hiyo. Saini ambayo ndugu huombwa mapokezi mara nyingi ni ya kuthibitisha kwamba ameelezwa hali ya mgonjwa, au ni ahadi ya kulipa gharama, na familia hufanya vyema kuuliza ni ipi kati ya hizo kabla ya kushika kalamu. Undugu wenyewe hautoi mamlaka popote kwa namna moja. Uingereza, kwa mfano, mume au mtoto hana mamlaka ya kumwamulia mgonjwa mtu mzima kwa sababu tu ni ndugu wa karibu, ingawa madaktari wanapaswa kumsikiliza. Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2023, mwenzi wa ndoa anaweza kumwakilisha mwenzake katika mambo ya afya kwa muda usiozidi miezi sita, na hapo hapo watoto hawakutajwa. Ufaransa, sheria ya tarehe 4 Machi 2002 ilimpa mgonjwa haki ya kumteua mtu anayemwamini, ambaye ushahidi wake kuhusu matakwa ya mgonjwa huwa na uzito kuliko wa ndugu wengine, ila hata huyo si mwamuzi. Mtu anayeingia hospitali akidhani kwamba kuwa kifungua mimba kunatosha, au kwamba hakutoshi kabisa hadi kuwe na muhuri, anaweza kuwa amekosea pande zote mbili.

Nilipofika siku ya tatu nilizikuta hati mbili mezani, na zote mbili zilikuwa hazifai.

Ya kwanza ilitoka ng'ambo. Kitinda mimba, ambaye hakuwa amelala usiku mbili, alikuwa amekwenda kwa mthibitishaji wa umma huko aliko, akaandika kwamba yeye, "kama binti", anampa kaka yake mamlaka ya kuendesha akaunti ya benki ya mama. Hati ilikuwa na muhuri wa kuvutia, na ilikuwa imebandikwa cheti cha apostili kinachotolewa chini ya Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Cheti hicho huthibitisha kwamba saini na muhuri ni vya afisa halali. Hakisemi neno lolote kuhusu yaliyomo. Na yaliyomo yalikuwa batili, kwa sababu akaunti ni ya mama, na mamlaka juu yake ni ya mama kuyatoa. Binti hawezi kutoa asichokuwa nacho, hata akikitoa mbele ya wathibitishaji kumi. Nilimweleza hayo kwa simu, naye akanyamaza kwa muda, kisha akauliza ni nani basi angemwambia mapema. Sikuwa na jibu zuri. Mthibitishaji alikuwa amethibitisha saini aliyoletewa, na kwake kazi ikaishia hapo.

Ya pili ilikuwa fomu ya uwakilishi wa jumla ambayo kaka mkubwa aliipakua mtandaoni, jina lake likiwa limekwisha jazwa. Fomu ilimpa mwakilishi uwezo wa kufungua na kufunga akaunti, kukopa, kudai, kushtaki, na "kuuza, kuweka rehani au kuhamisha mali yoyote isiyohamishika". Alipendekeza tumshike mama mkono, tumpake wino, tubonyeze dole gumba, kwa kuwa "hata yeye angetaka hivyo". Napenda ieleweke kwamba mtu huyu hakuwa mwizi. Alikuwa amechoka, amelala kwenye kiti usiku mbili, na bili ilikuwa ikipanda. Lakini dole gumba linalobonyezwa na mkono wa mtu mwingine, akili ya mwenyewe ikiwa haipo, ni hati ya kughushi, na kila kinachofanywa kwa hati hiyo hubeba ugonjwa huo: fedha zilizotolewa zinaweza kudaiwa, na mauzo yaliyofanywa yanaweza kubatilishwa. Isitoshe, ndugu aliyefanya hivyo kwa nia njema husimama mahali palepale anaposimama aliyefanya kwa nia mbaya, kwa kuwa karatasi haionyeshi nia.

Kabla ya kuandika chochote niliwaomba waniorodheshee ni jambo gani hasa lingekwama bila hati, na lingekwama lini. Zoezi hilo lilichukua dakika ishirini na lilipunguza joto kuliko maneno yangu yote. Ilibainika kwamba kitinda mimba angeweza kulipa bili kwa mwezi mmoja. Kwamba pensheni ya mama ilikuwa ikiingia kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Kwamba kulikuwa na bima ambayo madai yake yalihitaji saini yake. Na kwamba mali pekee ya maana ni nyumba aliyoishi. Tulikuwa na wiki nne hivi, wala si saa nne. Nafasi hiyo ndiyo iliyoniwezesha kulishughulikia swali gumu bila kukimbizwa.

Swali gumu lilikuwa akili ya mama. Katika wodi ile kulikuwa na maoni mawili, na kila moja lilikuwa na ushahidi wake. Kaka mkubwa alisema mama yuko sawa kabisa, na ili kunithibitishia aliinama kitandani akasema, "Shikamoo mama." Mama akajibu, kwa sauti safi isiyo na kigugumizi, "Marahaba." Kaka akanigeukia kama mtu aliyemaliza kesi. Muuguzi wa zamu naye alisema mama hajui lolote, kwa sababu alipomuuliza jina lake alitoa sauti zisizoeleweka, na alipomuuliza kama ana maumivu alisema "hapana" huku akitikisa kichwa kukubali.

Wote wawili walikuwa wakisoma alama zisizosema walichodhani. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayohusika na lugha, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, mgonjwa hupata afasia: hushindwa kutoa maneno, au kuyaelewa, au vyote kwa viwango tofauti. Maneno ya mazoea, kama majibu ya salamu, kuhesabu moja hadi kumi, maombi yaliyokaririwa tangu utotoni, hata nyimbo, mara nyingi husalia, kwa kuwa hutoka yenyewe bila kuundwa upya. "Marahaba" ya mama ilithibitisha kwamba amesikia salamu, basi. Kwa upande mwingine, wagonjwa wa afasia huchanganya "ndiyo" na "hapana" mdomoni huku wakijua vizuri wanachotaka, hivyo jibu moja la neno moja halithibitishi kwamba mtu hana akili, kama lisivyothibitisha kwamba anayo. Nilipomwambia muuguzi kwamba kichwa cha mama kilikuwa kikitikiswa kwa usahihi na ulimi ndio ulioteleza, alikwenda kumuuliza tena, safari hii akimwomba aonyeshe kwa kidole panapouma. Mama alionyesha bega la kulia.

Kipimo cha kisheria ni kipi basi? Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales imekiandika kwa uwazi unaonufaisha hata wasio chini yake: mtu anadhaniwa kuwa na uwezo hadi ithibitishwe vinginevyo, na hukosa uwezo wa kuamua jambo fulani kwa wakati fulani ikiwa, kwa sababu ya kasoro katika utendaji wa akili au ubongo, anashindwa kuelewa taarifa zinazohusika, au kuzishika kichwani kwa muda wa kutosha, au kuzipima, au kuwasilisha uamuzi wake kwa njia yoyote ile, iwe kwa maneno, kwa ishara au kwa namna nyingine. Maneno "jambo fulani" na "wakati fulani" ndiyo yenye uzito. Hatuulizi kama mtu ana akili, tunaulizia uamuzi huu, asubuhi hii.

Hapo ndipo mawakili wengi huteleza, na mimi niliwahi kuteleza miaka ya nyuma, kwa kudhani kwamba asiyeweza kusimamia mali yake hawezi pia kumpa mwingine mamlaka ya kuisimamia. Mahakama ya Uingereza ililijibu swali hilo katika mashauri mawili yaliyosikilizwa pamoja, Re K na Re F, yaliyoripotiwa mwaka 1988. Ilionekana kwamba mtoa mamlaka anaweza kuwa hawezi tena kuendesha mambo yake, na hati yake ikasimama, mradi alielewa hati ile ni nini na inafanya nini: kwamba mwakilishi ataweza kuyashika mambo yake yote, kwamba ataweza kufanya juu ya mali hiyo chochote ambacho mwenyewe angefanya, kwamba mamlaka hayo yataendelea akili yake ikipotea, na kwamba hapo hataweza tena kuyafuta bila mahakama. Ukilifikiri vizuri, ni jambo la busara. Kumjua mtoto gani anaaminika na fedha ni elimu ya miaka arobaini, na haipotei pamoja na uwezo wa kujaza fomu za bima.

Tulifanya vikao vitatu kwa siku mbili, siku ya tano na ya sita, nikiwa na daktari wake na mtaalamu wa tiba ya usemi. Vyote vilikuwa saa 4 asubuhi au baada kidogo, kwa sababu kumbukumbu za wauguzi zilionyesha kwamba jioni huchanganyikiwa, na dawa moja aliyopewa usiku ilimwachia usingizi hadi karibu saa 3. Mtaalamu aliuliza kwanza miwani yake iko wapi. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Ilipatikana kwenye mkoba uliokuwa chini ya kitanda tangu siku ya kwanza, na alipovishwa, mama alitazama dirishani kwa muda mrefu kama mtu aliyefika.

Watoto niliwatoa nje. Kaka mkubwa alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hati iliyosainiwa mbele ya anayenufaika nayo ni rahisi kuishambulia, na pia nilitaka kumwona mama bila macho yao. Maswali hayakuulizwa kwa namna ya kujibiwa "ndiyo". Tulikuwa na kadi za picha: benki, hospitali, nyumba, mtu anayesaini. Tulikuwa na picha tatu za watoto kwenye simu. Kila swali liliulizwa kwa pande zote mbili, kwanza "nani ashike fedha zako?" na baadaye "nani asizishike?", kisha mpangilio wa picha ukabadilishwa, na baada ya nusu saa swali likarudiwa.

Kidole chake kilikwenda kwa binti wa pili, yaani mtoto wa kati. Mpangilio ulipobadilishwa, kilikwenda kwa binti wa pili. Siku iliyofuata, kilekile. Picha ya kaka mkubwa aliigusa tulipouliza nani awe akiba, kama binti akishindwa. Nilipomweleza, kwa sentensi fupi na picha, kwamba mwakilishi ataweza kutoa fedha zake hata yeye akiwa hajitambui, alitazama kadi ya benki, akatazama picha ya binti, akaweka moja juu ya nyingine. Mtaalamu aliandika hilo saa ileile. Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu na sikumbuki kuona maelekezo ya mteja yaliyo wazi kuliko hayo.

Kisha tukafika kwenye nyumba. Nilikuwa nimebakiza katika rasimu kifungu cha mali isiyohamishika, kwa kuwa kimo katika karibu kila hati ya namna hiyo. Nilimwonyesha picha ya nyumba yake mwenyewe, nikaiweka karibu na kadi ya mtu anayesaini, nikaeleza kwamba binti ataweza kuiuza. Mama aliisukuma karatasi kwa mkono wa kushoto hadi ikaanguka kitandani. Niliiokota, nikaeleza tena polepole, kwamba huenda ikahitajika kwa matibabu. Akaisukuma tena, na safari hii alisema "hapana", na kichwa kikakataa pamoja na ulimi. Nikakikata kifungu, na mahali pake nikaandika kwamba mwakilishi hatakuwa na mamlaka yoyote kuhusu nyumba. Nitarudi kwenye sentensi hiyo.

Utiaji saini wenyewe ulikuwa mfupi. Hati ilisomwa kwa sauti yote, na mama akaweka alama kwa mkono wa kushoto, mstari wa kutetemeka uliopinda juu mwishoni. Mashahidi walikuwa wawili wasio ndugu na wasio wafanyakazi wa hospitali, kwa kuwa hospitali nyingi huwakataza watumishi wao kushuhudia hati za wagonjwa. Daktari aliandika taarifa yake ya uwezo siku hiyohiyo, akitaja saa, dawa alizokuwa ametumia mgonjwa, na alichokielewa. Taarifa ya daktari inayosema tu "mgonjwa ana akili timamu" haina msaada mkubwa. Inayosaidia ni ile inayosimulia alichoulizwa na alichofanya. Shahidi kwenye hati aeleze pia kwamba ilisomwa, kwamba mtiaji alama alionekana kuielewa, na kwa nini hakutia saini yake ya kawaida.

Jambo la mwisho lilikuwa uhai wa hati. Katika mapokeo ya sheria ya Uingereza, uwakilishi wa kawaida hufa mtoa mamlaka anapopoteza akili, na kanuni hiyo ni ya zamani: katika Drew v Nunn ya mwaka 1879 ilisemwa kwamba mamlaka ya mke kumwakilisha mumewe yaliisha mume aliporukwa na akili, ingawa muuzaji asiyejua alistahili kulipwa, na katika Yonge v Toynbee ya mwaka 1910 mawakili walioendelea kumtetea mteja bila kujua kwamba amepoteza akili walibebeshwa gharama wao wenyewe. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya ugonjwa hufa ugonjwa unapozidi. Ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria ya uwakilishi wa kudumu mwaka 1985, ikabadilishwa na mfumo mpya ulioanza Oktoba 2007, na Marekani majimbo yalitunga zao. Lakini hati za kudumu mara nyingi zina masharti yanayochukua muda. Ya Uingereza haitumiki hadi isajiliwe, na usajili una kipindi cha kusubiri cha wiki nne ili wenye pingamizi walete. Anayeianza wodini huenda akaipata baada ya kuhitaji kwake kupita.

Sheria iliyohusika hapa iliruhusu hati iendelee ikiwa imesema hivyo waziwazi, na nilihakikisha imesema, kwa sentensi inayojitegemea juu ya alama ya mama, ambayo nayo ilisomwa na kuonyeshwa kwa picha. Pale ambapo sheria hairuhusu, ni afadhali familia iambiwe mapema kwamba itahitaji mahakama imteue msimamizi, na ianze kukusanya vyeti vya daktari, kuliko kutembea na karatasi iliyokufa. Kaka mkubwa aliuliza pia, kwa sauti ya chini, "Na mama akifariki?" Hati hukoma dakika ileile, nikamjibu, hapo mambo ni ya mirathi, na mwakilishi anayeendelea kutoa fedha benki kwa sababu kadi bado inafanya kazi anachukua mali ya warithi.

Tiba ilikuwa na njia yake. Hati ya fedha haimpi mtu sauti juu ya tiba, na nchi zinazoruhusu uwakilishi wa afya huuweka mara nyingi katika hati nyingine, unaoanza kutumika pale tu mgonjwa anaposhindwa kuamua mwenyewe. Mama alikuwa amechomoa mrija wa kulishia mara mbili. Wengine waliona ni kukataa, wengine ni kero ya pua. Mtaalamu alimwuliza kwa picha, akakubali mrija urudishwe kwa sasa, na jibu hilo likaandikwa kwenye faili kama matakwa yake.

Benki ilikataa hati siku ya kwanza. Saini haikufanana na kielelezo walichokuwa nacho, na afisa alikuwa sahihi kuona hivyo. Binti wa pili, badala ya kugombana, aliomba aandikiwe sababu ya kukataliwa na ni nini kingekubalika, ushauri niliompa kwa kuwa kukataliwa kwa mdomo hakujibiki. Benki ilitaka taarifa ya daktari na afisa wake amwone mama. Afisa alikuja wodini, akamwonyesha picha zilezile, na mama, nadhani kwa kuchoka kuulizwa, aliichukua picha ya binti akamshikisha afisa mkononi. Akaunti ikafunguka siku ya kumi na moja.

Siku ya kumi na tisa alipata kiharusi cha pili. Baada ya hapo hakuna kikao ambacho kingewezekana, na hata "marahaba" haikutoka tena. Pensheni iliendelea kupatikana na bima ikalipa, kwa sababu ya sentensi moja juu ya alama iliyopinda.

Nyumba ndiyo iliyotushika. Mama alihamia kwa binti wa pili, nyumba ikabaki tupu, na familia ikataka kuipangisha ili kodi ilipie mhudumu wa nyumbani. Hawakuweza. Mama alikuwa amekataa nyumba isiuzwe, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba mwakilishi hana mamlaka yoyote kuhusu nyumba, maneno yaliyofunga pamoja na kuuza, kupangisha, kukarabati na hata kumfukuza mtu aliyevamia. Sikumwuliza kuhusu kupangisha. Nilikuwa na kadi ya nyumba, nilikuwa na muda, na mteja alikuwa macho. Nilichokosa ni swali. Nilikuwa nimejihami dhidi ya lawama ya kupitisha kifungu alichokikataa, nikakata kipana kuliko alivyokataa. Kosa hilo ni langu, na liligharimu familia miezi mitano ya mahakama.

Kaka mkubwa ndiye aliyepeleka maombi, akitaka ateuliwe msimamizi wa nyumba mwenye uwezo wa kuiuza. Dada zake walipinga kuuza, wakakubali kupangisha. Mahakama iliomba kumbukumbu za vikao vya wodini, na jaji alizisoma kwa muda mrefu kuliko alivyosoma hati yenyewe. Amri iliyotoka iliruhusu nyumba ipangishwe chini ya usimamizi wa kaka na binti wa pili kwa pamoja, hesabu zipelekwe mahakamani kila mwaka, na isiuzwe bila ruhusa mpya. Katika sababu zake alinukuu mstari mmoja wa mtaalamu wa usemi, ulioandikwa kwa haraka pembeni mwa karatasi: "Picha ya nyumba: amesukuma kwa mkono wa kushoto, mara mbili."